Kitabu Kilicholala Kifudifudi

Kazini tulimwita Bi Tii, kwa ajili ya ule mlio wa skana: tii, tii, tii, kutwa nzima. Hakuna aliyemfikia kwa kasi. Wakubwa wa maktaba walipoamua vitabu visivyoazimwa miaka mingi viondolewe, kazi akapewa yeye. Alivilaza mezani kifudifudi, maana stika ya msimbopau, ile mistari inayosomwa na skana, iko kwenye jalada la nyuma, akavipitisha kwenye skana kimoja kimoja bila kuvigeuza. Kugeuza ni kupoteza muda, alisema. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na sisi tulimsifu bila kipimo.

Nyumbani anaishi na baba yake, fundi cherehani wa zamani. Macho ya mzee yalishapofuka, na sasa kumbukumbu nazo zinamtoroka. Mama alifariki Bi Tii akiwa bado ananyonya, hana hata picha yake. Lakini mzee, enzi za nguvu zake, aliandika habari zote za mkewe: walivyokutana, alivyocheka, alivyombembeleza mtoto. Akapiga chapa nakala moja tu, akaishona jalada mwenyewe, akaipeleka maktaba.

"Nyumba yetu inavuja," alisema. "Maktaba haivuji."

Bi Tii aliahidi atakisoma. Kesho, keshokutwa. Kitabu kiko kazini kwake, kitaenda wapi?

Asubuhi moja mzee akamshika mkono. "Mwanangu, jana nimemtafuta mama yako kichwani, sura haikuja. Niletee kile kitabu unisomee, kabla sijampoteza kabisa."

Alifika kazini mbio mbio. Akaandika jina la kitabu kwenye katalogi ya mtandaoni: hakuna. Jina la baba: hakuna. Vitabu vya zawadi, siku zile, viliingizwa kwa namba tu, uvivu wetu huo. Nikamwambia, "Shoga, tafuta kwa msimbopau." Stika zetu zilikuja mbili mbili, na pacha wa ile ya kitabu mzee alipewa, akaibandika nyumbani ndani ya droo ya cherehani. Akampigia simu jirani, akasomewa tarakimu moja moja, akizichapa.

Kikatokea. Zawadi, nakala moja, kimeondolewa. Chini yake namba ya mtumishi aliyekiondoa, na namba ilikuwa yake.

Alikimbilia stoo, mimi nyuma yake. Akapiga magoti, akapekua boksi baada ya boksi, akirusha hata yaliyokuwa matupu. Mtunza stoo akacheka. "Dada, lori la karatasi chakavu lilishapita. Vile sasa hivi ni trei za mayai." Maskini, kwa hilo la mayai alikuwa anatania tu, hakujua mle mlikuwa na nini. Bi Tii alikaa sakafuni akalia kwa sauti.

Jioni nilimsindikiza kwao. Njia nzima nilimsihi adanganye: achukue kitabu chochote, asome, mzee haoni. Alikataa. Alipiga magoti mbele ya kiti cha baba yake.

"Baba, hakipo. Nimekiondoa mimi, kwa mkono wangu. Sikukigeuza hata kuona jalada."

Nilisubiri mzee afoke. Afadhali angefoka. Alipapasa mpaka akaupata mkono wa binti yake.

"Basi chukua kalamu," akasema. "Ukikiandika upya, kitakuwepo. Kinaanza hivi: Siku niliyomwona alileta kitambaa cha bluu, akaniuliza kama najua kushona au najua kusema tu."

Akatabasamu, na Bi Tii akaandika haraka, machozi yakidondokea karatasi. Mzee akafungua mdomo aendelee. Ukabaki wazi.

"Halafu, baba?"

"Halafu..." Paji la uso likamkunjana. Akageukia kule sauti ya binti yake ilikotoka. "Nikumbushe wewe, mwanangu. Si ulikisoma?"