Kigingi Nyuma ya Choo

Maofisa walikuja kutuonyesha mwisho wa mafuriko ya Ziwa Nakuru, wakapigilia kigingi chekundu mbele ya mlango wangu. Walio upande wa ziwa wangehamishwa. Mimi nibaki.

“Si nyinyi mmesema hali ya hewa imebadilika na ziwa bado linapanda?” nikamuuliza mkubwa wao, mtoto akiwa mgongoni.

“Mathe, tunafuata ramani. Ilipimwa mwaka juzi.”

Tulikuwa tumesimama kwenye maji tukiongea hayo. Nikaking'oa kigingi, nikaenda kukipigilia nyuma ya choo, ili nyumba yangu nayo ihesabiwe upande wa ziwa.

“Hicho ni mali ya serikali!”

“Na huyu mtoto ni mali ya nani, boss?”

Majirani walicheka. Maofisa wakakirudisha palepale mlangoni, wakaenda. Siku hizi mvua ikianza nashusha mguu kitandani, napapasa sakafu.