Dadu Iliyomo Kwenye Kopo

Usinicheke. Mimi si mtu wa kuona majini kila kona, na kanisani nakaa benchi la mbele. Lakini hili lilinipata mimi mwenyewe, mchana, na akili zangu timamu, hapahapa Makwale.

Kwanza ujue jambo moja. Kwetu sisi Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe wake. Siku hizi wengi wameacha, ila mama mkwe wangu hana mchezo na mila. Miaka saba niliishi kwenye mji wao bila kuuona uso wa mzee. Nilichokijua ni kikohozi chake tu. Akija njiani anakohoa mara mbili, nami najitosa migombani, nachuchumaa na kujifunika khanga hadi apite. Hata alipofariki, wenzangu walipoaga mwili mimi nilibaki jikoni. Tukamzika kwenye migomba nyuma ya nyumba.

Miezi miwili baadaye ikanyesha ile mvua yetu ya Kyela, inayofanya saa tisa mchana ionekane saa moja usiku. Nilikuwa barazani na binti yangu Atupele, wa miaka minne, amelala juu ya magunia ya kokoa niliyoyaokoa uani. Nikawa natingisha dadu ya ludo kwenye kopo la maziwa, kupoteza muda tu.

Mzee mmoja akapanda barazani bila hodi. Koti lake halikulowa. Hilo nililiona, mjinga mimi, nikalipuuza. Wewe ungemfukuza mzee wa watu kwenye mvua? Nikampa shikamoo na kigoda. Akaniomba tucheze: kila mmoja anarusha, mwenye namba kubwa ameshinda, mara tatu basi. Nikamuuliza tunashindania nini. Akamtazama mtoto.

"Nikishinda, huyu mke wangu naondoka naye."

Nikacheka. Nani asiyejua utani wa mababu na wajukuu? Nikamwambia haya, mchukue, ila ujue bado anakojoa kitandani. Mungu anisamehe, niliyasema kwa mdomo wangu mwenyewe.

Nikapata mbili, yeye akapata sita. "Ndaga fijo," akashukuru, kama mtu aliyekwisha kupewa. Palepale Atupele akaanza kutetemeka usingizini. Nikamgusa, wa baridi kama samaki. Niliogopa, mwenzangu, niliogopa hasa. Nikataka kuacha, lakini mkono ukarusha wenyewe: tano. Yake ikaja moja. Mtoto akavuta pumzi, akapata joto, akaamka analia. Nikageuka kumkumbatia. Niliporudisha uso, kigoda kilikuwa kitupu na dadu haipo.

Halafu nikasikia kikohozi migombani. Mara mbili.

Na unajua nilifanya nini? Nilichuchumaa. Nikajifunika khanga mimi na mtoto, kama nilivyozoea miaka yote ile, ndipo nikakumbuka kwamba mwenye kikohozi kile tulishamzika. Na mimi nilikuwa nimemtazama usoni.

Nilipomweleza mama mkwe, hakupiga kelele wala hakulia. Aliniuliza tu kama tulimaliza. Nikamwambia imebaki mara moja.

"Basi usimalize," akasema.

Miaka ikapita, nikaanza kujidanganya kwamba yameisha. Juzi Atupele, sasa yuko darasa la tatu, akatoka migombani na ile dadu kiganjani. Akanipa, akasema, "Mama, babu anasema ni zamu yako."

Sijairusha. Nimeifungia kwenye kopo lilelile, juu ya kabati. Nisiporusha mchezo haujaisha, na usipoisha hajanishinda. Mvua ikinyesha naisikia dadu ikigonga humo ndani, na usiku huo nalala nimemshika mwanangu mkono.

Kwa hiyo mgeni asiyelowa usicheze naye, hata kwa utani. Na ukija kwangu, karibu sana, utakula wali wa Kyela hadi ushibe. Ila kopo lile juu ya kabati usiliguse. Hata kulifuta vumbi, nakuomba, usiliguse.