Namna chroot iliniokolea mashini ya kwaya kule Kashuga

Wakuu, salamu kutoka Mweso, huku mvua imetufungia ndani. Hii sikusimuliwa na muntu, ni mikono yangu njo ilifanya. Natengeneza simu na ordinateur (kompyuta) hapa.

Mama Espérance anaongoza kwaya mu kambi ya wakimbizi ya Kashuga. Siku walikimbia kijiji, wengine walibeba masufuria. Yeye alifunga laptop mu kitenge, akaiweka mugongoni kama mutoto.

Ndani mulikuwa nyimbo zote za kwaya, na sauti ya bwana yake, aliyeimba bass. Huyo bwana alishafariki.

Sasa, mashini iko na Linux. Ilikuwa inafanya mise à jour, inajisasisha, courant ya solaire (umeme wa jua) ikakatika katikati. Tangu hapo inawaka, inaonyesha maandishi meupe, inasimama palepale.

Fundi wa kwanza alimwambia: "Mama, tu-formater tu, tufute yote, itakuwa mupya."

"Na bwana yangu utamutoa wapi?"

Njo akaniletea.

Niliwasha mashini na Linux iliyo mu kle USB (flash). Nikafungua disque ya mashini: nyimbo ziko! Nikazikopi kwanza kwenye kle ingine (wakuu, hiyo musiiruke hata siku moja). Lakini Mama alitaka mashini yenyewe ipone, maana njo anafundishia kwaya.

Hapa chroot inaingia. Ukiwasha na kle, amri zako zinatengeneza kle, si disque yenye ugonjwa. Chroot inaambia programu: kuanzia sasa muzizi wako, ile "/" ya mwanzo, iko mu disque hii. Haioni ingine.

Nikapachika disque kwenye /mnt, nikaunganisha /dev, /proc na /sys, zile folda programu zinapitia kuongea na mashini (mara ya kwanza nilisahau, ikanigombeza vizuri), kisha:

chroot /mnt
dpkg --configure -a
update-grub

Amri ya pili ikamalizia ile mise à jour iliyokatika, ya tatu ikapanga upya orodha ya kuwashia. Nikatoka mu chroot, nikachomoa kle, nikawasha tena. Mama amefumba macho, midomo inaomba.

Ikafunguka.

Mama alibonyeza wimbo mumoja, bass ya bwana yake ikaanza, naye akaimba sehemu yake polepole. Mimi nikajifanya naangalia waya.

Nilichojifunza: kabla ya ku-formater, uliza mwenye mashini ndani muko nini. Na fundi ajue yeye mwenyewe iko amesimama mu disque gani.

Kama muko na njia rahisi kuliko kuunganisha zile tatu kwa mukono, mwageni hapa chini. Hata kunicheka munaweza, mvua haijakatika.