Hatua Tatu Ndani ya Duka

Tarehe nne Machi mwaka wa 1979 nilimpoteza mke wangu. Tulimzika nyumbani, mwendo wa nusu saa kutoka soko la Kathonzweni, na baada ya wiki tatu nikafungua duka lake. Nasema lake kwa sababu yeye ndiye aliyelianzisha na kuliendesha miaka tisa. Mimi nilikuwa mtunza stoo katika kambi ya barabara upande wa Kibwezi, nikija nyumbani mwisho wa mwezi. Niliacha kazi hiyo ili duka lisifungwe. Hatukujaliwa watoto. Duka ndilo lililokuwa limebaki la kumwonyesha mtu na kusema, huyu mama aliishi hapa.

Wakati wake, nilipokuja likizo, nilikuwa nikikosa mahali pa kupitisha mguu. Wanawake walikaa kwenye benchi ukutani wakisuka viondo, vile vikapu vya kwetu, nyuzi zimefungwa kwenye vidole vya miguu, na mke wangu akiwa nyuma ya kaunta anapima sukari huku akiuliza mbuzi wa fulani amezaa wangapi. Siku moja nilimwambia hawa wanajaza nyumba na hawanunui kitu. Alicheka. "Wewe kaa na majembe yako ya serikali," akaniambia. "Hayo hayaongei."

Nilipochukua nafasi yake niliona nitaliendesha vizuri zaidi. Sikuwa na elimu kubwa, lakini stoo ilinifundisha utaratibu. Nilipanga rafu upya, kiberiti na kiberiti, chumvi na chumvi. Kila asubuhi nilinyunyizia maji sakafu, iliyokuwa ya udongo, nikafagia mpaka ikalainika. Mtu akiingia tu, nilisimama na kumuuliza, "Unataka nini?" Kule kambini huo ulikuwa ndio uungwana. Mtu wa kazi hapotezewi wakati.

Watu waliingia, lakini hawakukaa. Mwanamke angeingia, aangalie huku na huku, aseme, "Nilikuwa napita tu," kisha atoke. Kupitia dirishani nilimwona akivuka barabara na kuingia duka la jirani, na akitoka huko ana chumvi mkononi. Chumvi hiyohiyo nilikuwa nayo mimi.

Nilifikiri ni harufu ya mafuta ya taa, nikahamisha pipa nje. Watu wakaendelea kutoka. Nilifikiri ni giza, nikamwita fundi akatoboa dirisha la pili. Nilileta leso mpya nikazitundika mlangoni, na leso hizo zikavuta watu wengi zaidi, ila nao walitoka upesi kama wale wa kwanza. Ikafika mwezi wa tano, mifuko ya unga ikaanza kuingiwa na wadudu. Nilijua nikifika mwezi wa saba hivyo, nitafunga mlango na kuomba kazi yangu tena.

Jioni moja ya siku ya soko, kabla ya kufunga, niliinama kuokota misumari iliyoanguka, nikaona nyayo. Sakafu ilikuwa imezihifadhi zote, za viatu vya akala na za miguu mitupu. Ziliingia mlangoni, zikaja hatua tatu, zikapinda kidogo kushoto, kisha zikarudi. Karibu zote zilikuwa zimepinda kushoto. Hakuna hata mmoja uliofika kwenye kaunta. Kule kushoto hakukuwa na kitu. Ulikuwa ukuta mtupu.

Wiki hiyo dada mkubwa wa mke wangu alikuja kunitembelea kutoka Kibwezi. Alikaa siku nzima juu ya debe nyuma ya kaunta, akichambua choroko na kuniangalia nikihudumia. Alasiri nilimwonyesha nyayo za siku hiyo, nazo zimepinda vilevile.

"Shemeji," akasema, "hapa ni duka ama ni posta?"

"Ni duka."

"Mbona basi unauliza watu kama askari wa lango? Hata hujawasalimia."

"Nawahudumia haraka."

"Unawafukuza haraka. Benchi la dada yangu liko wapi?"

Nikamwambia liko nyumbani. Tulilipeleka siku za matanga ili waombolezaji wapate pa kukaa.

"Matanga yaliisha lini?"

Nikageuka kupanga kiberiti kilichokuwa tayari kimepangwa.

"Hao watu hawajaja kununua," akasema. "Wengi hawakufika mazishini. Wamekuja kukupa pole. Unataka waitoe wamesimama kama kuku?"

Kwetu, mtu aliyekosa mazishi huona si vizuri kununua kitu kwa mwenye msiba kabla hajampa pole. Na pole hutolewa watu wakiwa wameketi. Niliyajua hayo tangu utotoni, sikuwa nimeyasahau. Ukweli ni kwamba benchi nililiacha nyumbani makusudi. Sikutaka mtu akae mbele yangu na kumtaja. Nilijua akimtaja nitalia, nami sikutaka kulia dukani. Lile swali langu la unataka nini nililitumia kama mlango, nikiufunga kabla mtu hajafungua kinywa. Hayo nilimwambia shemeji. Aliendelea kuchambua choroko.

"Kwa hivyo utafunga duka lake," akasema mwishowe, "kwa sababu hutaki watu wamtaje ndani yake."

Kesho yake asubuhi tulilibeba benchi, yeye mbele, mimi nyuma, tukipumzika mara kwa mara kwa sababu lilikuwa zito na yeye alikuwa na maumivu ya mgongo. Tukaliweka mahali pake pa zamani, kwenye ule ukuta mtupu wa kushoto. Akapanda gari la kurudi Kibwezi.

Siku ya soko aliingia mama mmoja kutoka ng'ambo ya mto Athi, upande wa Kitui, aliyekuwa akileta viondo sokoni. Nilikuwa nimemwona akiingia na kutoka mara mbili mwezi huo. Safari hii nilimsalimia, nikamkaribisha, nikatoka nyuma ya kaunta tukaketi pamoja.

"Pole," akasema. "Mto ulikuwa umejaa. Nilisimama ukingoni siku mbili, nikarudi."

"Asante, mama."

"Aliugua siku ngapi?"

"Siku nne. Mimi nilikuwa kazini. Nilifika akiwa hawezi tena kusema."

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote hilo. Nililia, naye hakunizuia wala hakuondoka. Alitoa kiondo alichokuwa anasuka, akaendelea taratibu, akinisimulia jinsi mke wangu alivyomfundisha kuchanganya rangi, na jinsi alivyomkaripia siku aliyokosea. Nilikuwa sijui kwamba mke wangu alikuwa mkali namna hiyo. Nikajikuta nacheka.

Mwanamume mmoja akaingia na chupa ya mafuta ya taa. Nikafuta macho nikaanza kuinuka.

"Keti," yule mama akaniambia. "Huyo atangoja, tunaongea."

Yule mwanamume akatuangalia, akaweka chupa yake sakafuni, akaketi mwisho wa benchi.