Mursik ya Kibet

Marafiki, hii huwa siisimulii nikiwa nimekaa karibu na mtu wa Bomet, kwa sababu mpaka leo kuna watu wazima kule wakiniona sokoni wanageuza uso wakacheka, na siwalaumu, ningekuwa mimi pia ningecheka. Lakini leo acha niitoe yote. Nilijiaibisha mbele ya umati wa watu, mchana kweupe, nikiwa nimevaa namba kifuani, na aliyeumia si mimi peke yangu.

Ilikuwa miaka ya tisini. Mimi ni kijana wa Kapsoit, nimemaliza shule, na nimeapa kwamba sitachuma majani chai maisha yangu yote. Nilitaka kuandika gazetini. Kericho mjini kulikuwa na kagazeti fulani ka kurasa chache, na mhariri wake, mama mmoja mkali wa miwani, alipochoka kuniona mlangoni aliniambia kama nataka kazi nimletee mazungumzo na watu wa baiskeli, maana wakimbiaji wa miguu wameandikwa mpaka basi na hawa wa baiskeli hakuna anayewauliza hata wamekula nini. Nilipofika mlangoni akaniita tena.

"Na usirudi hapa bila Kibet. Kibet asipoongea, hiyo si habari."

Nikasema sawa. (Mimi ni mtu wa kusema sawa kwanza, kufikiri baadaye.)

Wengine niliwapata bila shida. Fundi wa baiskeli pale Kapsoit aliongea mpaka mimi msikilizaji ndiye niliyekauka koo. Mwangi, mfanyabiashara aliyetoka Nyeri na kufungua duka la spea Kaplong, yeye ndiye aliyekuwa akiandaa mashindano ya kila mwaka kutoka Kaplong hadi Bomet, naye alinieleza habari za minyororo na tairi nusu siku nzima, akiuza huku akiongea. Lakini Kibet alikuwa mtu wa namna nyingine kabisa. Alikuwa akibeba maziwa ya majirani kwa baiskeli kila asubuhi kutoka kwao vilimani hadi Kaplong, na miguu yake aliipatia huko. Nilipomfuata mara ya kwanza alisema maziwa yataharibika. Nilipomfuata tena alisema amechoka. Safari iliyofuata aliniangalia tu, akapanda baiskeli yake akaenda.

Watu wakaniambia nisijisumbue, yule huongea na nyanya yake tu, aliyemlea. Huyo mama mzee, sisi sote tulimwita Kogo, yaani nyanya, kila mwaka alikuwa akienda kukaa pale mwisho wa mashindano na sotet yake, kibuyu cha mursik, maziwa lala yetu yale ya mkaa, ambayo mshindi akifika hunyweshwa na mama wa kwao mbele ya watu na kuvishwa shingoni mmea wa sinendet. Na kila mwaka Kogo alirudi nyumbani na sotet yake imejaa vilevile, kwa sababu Kibet alikuwa anakuja wa pili, au wa tatu, na mwaka mmoja alianguka.

Basi nikapanga. Kama Kibet hataki kusimama aongee na mimi, nitaongea naye akiwa anakwenda. Nitamngojea juu ya kile kilima cha mwisho kabla ya Bomet, pale ambapo hata simba wa baiskeli anapanda kama mtu anayetoka msibani, niwe kando yake na redio kaseti ya kwaya yetu ya kanisa ikining'inia shingoni, nimuulize maswali yangu, anijibu, tuachane. Niliona ni mpango mzuri sana. Nilimpelekea Mwangi asubuhi ya mashindano, akakuna kichwa.

"Wewe huwezi kwenda huko barabarani bila namba," akasema. "Askari watakutoa. Lakini kuna namba moja imebaki, mwenyewe hakuja. Vaa hiyo, na fulana yake."

Hapo ndipo nilipoharibikiwa, ndugu zangu. Ningesema hapana, leo ningekuwa na heshima yangu Bomet. Nikasema sawa. Nikavaa fulana ya njano ya duka lake, sawasawa na za waendeshaji wote, na namba kifuani, na (nisisahau ujinga wangu wa pili) nilikuwa nimeacha akala zangu, viatu vya mpira wa gari, nyumbani nikavaa raba mpya zenye soli laini, ili nionekane mtu wa magazeti. Sasa ile baiskeli niliyoazima kwa baba mdogo ilikuwa black mamba ya kubebea magunia ya majani, breki zake zilikufa zamani, na kila mtu wa kwetu alijua kwamba baiskeli ya namna hiyo inasimamishwa kwa kukanyaga tairi na akala. Mimi nilijua pia. Nilisahau tu kwa sababu ya kujipenda.

Nikatangulia, nikafika juu ya kilima, nikangoja. Baada ya muda nikaona fulana moja ya njano inapanda peke yake, hakuna mwingine nyuma yake mpaka kule chini kabisa. Kibet. Anaongoza. Moyo wangu ulipiga kama ni mimi ninayeongoza. Nikapanda baiskeli, nikaingia kando yake, nikabonyeza redio irekodi, nikamuuliza kwa sauti ya mtangazaji anajisikiaje.

Akanigeukia, jasho linamtiririka puani.

"Toka," akasema.

Mimi sikutoka. Nilikuwa nimeapa, na mtu akiapa kwetu habadilishi kwa neno moja. Nikabaki kando yake namuuliza la pili na la tatu, mpaka kilima kikaisha, na kikiisha hapo kinaanza ule mteremko wa kuingia mjini. Baiskeli ya Kibet ilikuwa nyepesi na ina breki. Yangu ilikuwa chuma tupu na haina kitu. Mbele yetu, kwenye kona, ng'ombe wa mtu wakawa wanavuka barabara taratibu, na Kibet kama mtu mwenye akili akashika breki. Mimi nikashusha mguu, raba ikateleza juu ya tairi kama sabuni, nikapita katikati ya mkia wa ng'ombe mmoja na pembe za mwingine, nikipiga kelele watu watoke, na nilipofumbua macho (ndiyo, nilikuwa nimeyafumba) nilikuwa mbele, peke yangu, naingia Bomet.

Sasa fikirieni umati ule unaona nini. Unaona fulana ya njano, namba kifuani, mtu ameinama anakuja kwa mwendo ambao hawajawahi kuuona, na anapiga kelele. Wakapiga vigelegele. Nikakata utepe kwa kifua, nikagonga marobota ya nyasi yaliyowekwa pale, nikaanguka, na kabla sijajua kama mguu upo, nilikuwa juu ya mabega ya watu na sinendet iko shingoni.

Kogo macho yake yalikuwa yamepungua. Aliona njano tu, na alikuwa amengoja njano hiyo miaka. Walinishusha mbele yake, akanishika kidevu, akilia, akimtaja marehemu mume wake kwa Kikipsigis kwamba aje aone, na akaimimina. Nikafungua mdomo niseme mimi siye, mursik ikaingia. Nikameza nipate nafasi ya kusema, akaona nina kiu, akaongeza. Kila nilipofungua mdomo kueleza, nilinyweshwa. Nyingine ikamwagikia redio ya kwaya, ambayo tangu siku hiyo ilinuka maziwa na mkaa hata ikicheza nyimbo za Krismasi. Na niseme ukweli ambao unaniuma zaidi: ilikuwa tamu. Sijawahi kunywa mursik ya namna ile tena.

Kibet akafika. Hakuna aliyemwona. Juu ya vichwa vya watu nilimwona mimi, amesimama na baiskeli yake, anamwangalia nyanya yake akinifuta mdomo kwa shuka lake. Hakupiga kelele wala hakumtukana mtu.

Mwangi alikuwa ameshachukua kipaza sauti juu ya pickup, anatafuta namba ya mshindi aitangaze, bado hajaniona uso. Nikasema moyoni, hapa nitapita hata nikivunjwa mbavu. Nikasukuma, nikakanyaga watu, nikapanda ile pickup na kumnyang'anya kipaza sauti.

"Mimi si mshindi," nikasema. "Mimi ni mtu wa maswali tu. Baiskeli haina breki. Mshindi ni Kibet, yule pale."

Umati ukacheka kicheko ambacho nadhani kilisikika mpaka Kaplong. Mama mmoja alikaa chini kabisa. Nilivuliwa sinendet na watu nisiowajua, mmoja akinivuta sikio kwa nyongeza, akavishwa Kibet, wakamwimbia upya, Mwangi akamkabidhi zawadi yake, baiskeli mpya ya gia. Kogo alipoelezwa polepole kilichotokea, aliinua sotet, akaipindua juu ya kiganja. Likatoka tone moja.

Nilimfuata Kibet nyuma ya vibanda kuomba msamaha. Sikutarajia anijibu, na nilikuwa nimeshaona kwamba kazi ya gazeti imekwenda.

"Baiskeli wamenipa, sina shida na baiskeli," akasema bila kuniangalia. "Lakini ile maziwa ilikuwa yangu."

Hayo ndiyo maneno marefu kuliko yote aliyokuwa amewahi kuniambia, na ningeweza kuyapeleka Kericho yakachapishwa. Sikuyapeleka. Nilirudi nyumbani Kapsoit nikalala vibaya, nikaamka nimeamua. Nilishika njia hadi kwa Kogo, huko juu ya Kaplong, nikamwambia nataka sotet ijae tena na nitafanya lolote. Akasema wana ng'ombe mmoja, na anayenyonyesha, na mursik haiharakishwi, maziwa yanakaa mpaka yakubali. Nikasema nitangoja. Akaniangalia, akanionyesha kikapu. Na hivi ndivyo mimi, niliyeapa kwamba sitachuma majani chai, nilivyochuma majani ya Kogo kila siku kwenye mvua mpaka vidole vikawa vyeusi, huku majirani wakipita njiani wananiita mshindi.

Kibet alikuwa akipita na maziwa ya watu asubuhi, ananiona shambani, haongei. Mhariri alituma ujumbe kwamba amepata kijana mwingine. Nikaendelea kuchuma.

Siku mursik ilipokubali hapakuwa na watu wala kipaza sauti. Tulikuwa watatu jikoni, moshi unatuingia machoni. Kogo alimshika Kibet kidevu, safari hii akapapasa uso wote kwanza, pua, masikio, akahakikisha. Akamnywesha. Akapiga vigelegele peke yake, sauti nyembamba ya mtu mzee, na mimi nilijisikia vibaya sana kwa sababu kilichotakiwa pale ni mji mzima ukimshangilia, na shangwe hiyo niliila mimi. Kibet alikunywa taratibu, akapumua, akabakisha kidogo, akanisogezea kile kibuyu.

"Kunywa," akasema.

Nikamwambia hapana, mimi yangu nilishakunywa. Akacheka. Kwa mara ya kwanza nikaona kumbe ana pengo la jino mbele. Akaniambia niulize basi hayo maswali yangu, nami nikamwambia sina tena gazeti la kuyapeleka, akasema si kitu, uliza tu, na tukaongea mpaka akachelewa kukamua.

Tangu hapo sijavaa namba ya mtu. Hata kwenye harusi, wakinibandika ua la kamati, nauliza kwanza ni la nani na mwenyewe yuko wapi. Na nikimwona mama yeyote amesimama na sotet barabarani, nafunga mdomo, navuka upande wa pili, mpaka mtoto wake afike.