Kengele Kiganjani mwa Dada

Shemeji yangu tunamwita Fundi Waya. Chumba cha mbele kimejaa redio na runinga za watu, kingine amelala dada yangu, mkewe. Ugonjwa ulianza na miguu, ukaja mikononi, ikawa inatetemeka, mwisho ukachukua sauti. Shemeji akamtengenezea kengele: kisponji chenye waya cha kushika kiganjani, akikiminya tu inalia mezani kwa fundi.

Loo, ilitutoa jasho! Mkono ukitetemeka kidogo, kriii! Shemeji anaacha kuchomelea, anakimbia, anamkuta mwenzake anakoroma.

"Shemeji, hii kengele au vita?" nikamtania.

Akatia chipu, kidude cheusi chenye miguu kama jongoo. Akanieleza kwamba umeme wa kisponji lazima upande mpaka juu kabisa ndipo chipu iamke, na ikishaamka haibadili mawazo mpaka ushuke chini sana. "Vitetemo vya katikati haivisikilizi," akasema, amejaa raha. "Tena inageuza mambo. Ukiingiza umeme mwingi inatoa mdogo, lakini nimeifunga kengele ielewane nayo."

Nyumba ikatulia. Mimi mwenyewe nilimsifu.

Siku moja nikapita asubuhi, nikamkuta anapiga mluzi kazini. "Leo dada yako kalala vizuri, hajaniita hata mara moja."

Nikaingia ndani. Godoro chepechepe, mashavu yamelowa machozi, na vidole vinaminya kisponji, vinaminya. Nikapandwa na hasira.

"We mwanamume, njoo uone! Mwenzio anakuita!"

Alikuja mbio, akachukua kisponji, akakiminya. Kriii! "Mbona nzima?" Akakiminya tena. Kriii! Nilitamani kumzaba kibao. Kisha akamrudishia dada, akaweka kiganja chake juu ya cha dada ili asikie nguvu za mkewe. Kengele haikulia. Akabaki ameinamisha kichwa.

"Haifiki juu," akasema. "Nguvu zimemwisha na mimi napima kwa kidole changu."

"Basi ishushe hiyo 'juu kabisa' yako!"

Akaishusha. Kriii, kriii, ikarudi vita. Akapandisha kidogo, ikanyamaza kabisa. Alihangaika na vijiwaya hivyo mpaka jioni, mimi nikibadilisha shuka. Mwisho akaweka koleo chini.

"Shemeji, kutetemeka na kuita vimekuwa sawa. Chipu haiwezi kuvitenganisha. Na mimi siwezi."

Akaing'oa chipu.

Sasa kengele inalia kutwa. Wateja wanauliza kuna nini humo ndani, wengine wamehamia kwa mafundi wengine. Yeye anainuka kila mara, anachungulia, anarudi, hajakaa sawa anainuka tena. Juzi nilikuwepo, ikalia tena, nikamwonea huruma.

"Amelala huyo, nimetoka kumwona sasa hivi. Kaa umalize kazi ya watu."

"Una hakika, shemeji?"

Sikuwa na hakika. Akaweka chini redio ya mtu, akaenda.