Sabato ya Saa Ishirini na Tisa

Nyacheki nzima ilijua kwamba Alfayo Ratemo hakosei. Alikuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na minane, mwenye ekari moja na nusu ya majani chai, na kila jambo alilitolea hukumu kabla mwenye jambo hajamaliza kulieleza. Aliwahi kumsahihisha daktari wa ng'ombe, fundi wa stima na, siku moja ya ubatizo, mchungaji mwenyewe akiwa ndani ya maji. Watu walivumilia. Shida ilianza alipoingiza mkono kwenye tiketi ya bintiye.

Bintiye, Esnah, alikuwa muuguzi. Baada ya miaka sita ya zamu katika hospitali mjini Kisii na miaka miwili ya mitihani na makaratasi, alipata kazi ya kutunza wazee Ayalandi. Viza ya huko alikuwa nayo. Waajiri walimtumia tiketi na kumwambia aripoti Jumatatu saa tatu asubuhi. Asipofika, nafasi ingekwenda kwa anayemfuata kwenye orodha. Tiketi ilisema aondoke Ijumaa jioni, akae saa mbili katika nchi ya njiani akibadilisha ndege, na afike Jumamosi asubuhi.

Kwa kanisa lao, Sabato huanza Ijumaa jua likitua na kuisha Jumamosi jua likitua. Binti wa mzee wa kanisa kuruka angani siku ya Sabato? Watu wangesema nini? Na hapo sikia vizuri: Alfayo hakuuliza Mungu angesema nini. Esnah alipendekeza aondoke Alhamisi, na mambo yangeishia hapo, ila Alhamisi baba alishaipangia sherehe ya kumuaga. Chifu alikuwa amealikwa, na wazee wa makanisa matatu, naye Alfayo ndiye msemaji mkuu. Sherehe haikuweza kusogezwa, kwa hiyo ikabidi isogezwe ndege.

Basi akaongozana na Esnah hadi mjini Kisii kwa wakala wa tiketi aitwaye Linet, akatoa mpango wake. Esnah aondoke Ijumaa asubuhi, afike nchi ya njiani kabla jua halijatua, aitunze Sabato hotelini, kisha aendelee Jumamosi usiku. Linet alihesabu kwa vidole, akasema hapo ni saa ishirini na tisa. Kwa saa mbili msafiri hukaa ndani ya uwanja wa ndege asiombwe kitu, lakini akipitisha saa ishirini na nne, au akitaka kutoka kwenda kulala nje, nchi ile humtaka viza ya kupitia. Aliwasihi waulize kwanza.

Alfayo alimtazama masikio. Yalikuwa yametobolewa, kila moja mara mbili, na tangu lini mtu wa hereni nne akamfundisha mzee wa kanisa? Akamweleza kwamba kupita si kuingia. Hata hapa Gusii, mpita njia akichoka huketi katika boma la watu, akapewa maji na ndizi, wala haulizwi karatasi. Na kama wazungu hawa wa ndege wanapenda karatasi sana, atampa bintiye barua ya mchungaji yenye muhuri.

Kuuliza si ujinga, lakini kwa Alfayo kuuliza kulikuwa aibu. Esnah naye, mwanamke wa miaka thelathini na miwili anayejua kuupata mshipa hata kwa mtoto aliyekaukiwa maji, alinyamaza mbele ya baba yake kama alivyolelewa, na tiketi ikabadilishwa.

Sherehe ilifana. Alfayo alihubiri dakika hamsini juu ya Danieli aliyekataa chakula cha mfalme, na hakuna aliyeshindwa kumtambua Danieli wa Nyacheki. Alasiri baba na binti wakashika njia ya Nairobi.

Ijumaa asubuhi, Alfayo alimchosha askari wa mlangoni kwa maneno mpaka akaachiwa kumsindikiza Esnah hadi kaunta. Mhudumu aliangalia tiketi, akaangalia pasipoti, akaomba viza ya kupitia. Alfayo akatoa barua. Mhudumu aliisoma yote kwa heshima, mpaka kwenye muhuri.

"Barua ni nzuri, mzee," alisema, "lakini si viza."

Viza yenyewe ingechukua siku tatu za kazi, na bila hiyo hawangempandisha. Alfayo akataka kumwona mkubwa. Mkubwa akaja, akarudia yale yale. Ila kulikuwa na kiti kimoja katika ndege ya jioni, ile ile aliyokatiwa mwanzo. Alfayo akasema afadhali Esnah arudi nyumbani, Mungu atafungua mlango mwingine.

"Tata," Esnah alimwambia baba yake polepole, "miaka sita nimefanya zamu za Sabato. Wagonjwa hawapumziki. Mbolea ya chai yako ilitoka kwa zamu hizo, na hukuwahi kuniuliza ni za siku gani."

Akamgeukia mhudumu na kukitaka kile kiti. Gharama ya kubadilisha ilimeza akiba yake yote ya kuanzia maisha ugenini.

Na baba mtu je, alingoja kumpungia mkono? Hakungoja. Angengoja, jua lingemtulia barabarani, naye hasafiri siku ya Sabato. Alimwacha bintiye ameketi juu ya sanduku, akakimbilia gari la Kisii. Ninaisimulia hii na bado inaniuma.

Kesho yake kanisa lilijaa. Mchungaji akamwomba mzee Alfayo awaeleze washiriki Esnah anaitunzia wapi Sabato hiyo. Alfayo alisimama, akafunga vifungo vya koti. Akasema Bwana ni mwaminifu. Binti yuko hotelini katika nchi ya njiani, anasoma Neno, na amri haijavunjwa. Watu wakaitikia amina.

Upande wa akina mama, mkewe Kwamboka aliinuka. Hakuwa amesema neno mbele ya kanisa tangu siku ya arusi yake, na Alfayo alidhani anatoka nje.

"Esnah alinipigia asubuhi hii," alisema. "Amefika Ayalandi. Amesafiri usiku wa Sabato, na Jumatatu ataingia kazini, kwa sababu safari hii hakumsikiliza baba yake. Mimi nashukuru kwa hilo."

Mama mmoja akasema amina, kisha safu yake yote, kisha upande mzima wa wanawake, na ikawa kubwa kuliko ile ya kwanza. Alfayo alipapasa kiti kwa mkono nyuma yake, akakaa.